Kutoka Nyaa hadi Ndei: Ndege wa Ukambani na Ruzuku Ndogo

Mtito Andei ni mji wa kupumzikia. Mabasi ya Nairobi na Mombasa husimama pale karibu nusu ya safari, abiria hushuka kujinyoosha na kunywa chai, dereva hupiga honi, safari ikaendelea. Ni wachache wanaouliza jina hilo limetoka wapi. Kwa Kikamba ni mutitu wa ndei, yaani msitu wa tumbusi. Aliyepaita hivyo aliwaona kwa macho yake, tena si mmoja wala wawili, maana hakuna anayepaita mahali kwa jina la ndege aliyepita mara moja.

Upande wa Kitui liko jina kubwa zaidi. Tarehe 3 Desemba 1849, mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf, akiwa mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa misafara, aliuona kwa mbali mlima wenye theluji. Wenyeji wake waliuita Kĩ Nyaa. Nyaa ni mbuni, na maelezo yanayotajwa sana ni kwamba mawe meusi na theluji nyeupe ya kilele vilifanana na manyoya ya mbuni dume. Krapf alilisikia jina hilo kwa sikio la kigeni, akaliandika alivyoweza, na jina lililotoka kalamuni mwake ndilo lililokuja kuwa la nchi nzima.

Nimeanza na majina haya makusudi. Historia ya elimu ya ndege Kitui na Makueni husimuliwa kana kwamba ilianza siku mgeni wa kwanza alipofungua sanduku lake la vielelezo. Wakamba walikuwa wawindaji, wafugaji na wasafiri wa masafa marefu kabla ya hapo, na watu wa namna hiyo hawaishi bila kuwajua ndege. Kilichoanza na wageni ni kazi ya kuandika, na pamoja nayo desturi ya kuchukua vitu na kwenda navyo.

Mnamo 1877 alifika Kitui Johann Maria Hildebrandt, Mjerumani mwingine, mkusanyaji wa mimea na wanyama. Alikuja na msafara wa wapagazi kutoka pwani, akitamani kuufikia Mlima Kenya, lakini Kitui ndiyo ikawa mwisho wa safari yake. Ndege aliowakusanya Ukambani walipelekwa Berlin, na mwaka 1878 mtaalamu Jean Cabanis akamtangaza mmoja wao kuwa spishi mpya, akampa jina la msafiri. Ndiye kwezi wa Hildebrandt, ambaye mpaka leo ukiketi chini ya mgunga utamwona akiokota wadudu kwenye nyasi fupi. Watu humchanganya na yule kwezi wa kawaida wa hotelini, lakini mwangalie jicho. Yule wa kawaida ana jicho jeupe na utepe mweupe kifuani. Huyu wa Hildebrandt jicho lake ni jekundu na utepe hana. Hildebrandt mwenyewe alifariki Madagaska mwaka 1881. Wapagazi waliobeba masanduku yake hatuwajui hata kwa majina.

Baada yake alikuja Sidney Langford Hinde. Msomaji wa Kiswahili anayejua habari za Kongo huenda amekutana na jina hili: ni yule daktari Mwingereza aliyekuwa katika jeshi la Dola Huru ya Kongo lililopigana na Waarabu na Waungwana wa Nyangwe na Kasongo kati ya 1892 na 1894, kisha akaandika kitabu kuhusu vita hivyo. Baadaye alihamia utumishi wa Waingereza, akawa mtawala Ukambani. Mwaka 1900, Richard Bowdler Sharpe wa Makumbusho ya Uingereza, akiwa na kielelezo kutoka Mto Athi, alimtangaza ndege mpya na kumpa jina la Hinde. Ndege huyo ni wa jamii ya zogoyogo, na hapatikani popote duniani ila Kenya, katika eneo dogo la miteremko ya mashariki na kusini ya Mlima Kenya pamoja na Ukambani.

Yeye ndiye kiini cha simulizi hii, kwa hiyo acha nimweleze vizuri. Ni mkubwa kidogo kuliko shorewanda, rangi yake kahawia iliyochanganyika na madoa meupe, na ajabu yake ni kwamba hakuna wawili wanaofanana. Mmoja ana magamba meupe kichwani, mwingine kifuani, wa tatu amepauka kama aliyenyunyiziwa chokaa. Jicho ni jekundu. Haishi peke yake: huenda kwa kundi dogo la jamaa wanaoshirikiana kulinda eneo na kuwalisha makinda. Usimtafute kwa macho, msubiri kwa masikio. Mmoja akianza kupiga kelele wote hudakia, na kichaka kizima hugeuka soko.

Baada ya Sharpe, ndege huyu alikaa karibu miaka 80 bila kuchunguzwa kwa kina. Si kwamba nchi ilikosa wapenda ndege. Jumuiya ya Historia Asilia ya Afrika Mashariki iliundwa Nairobi mwaka 1909, makumbusho yakafuata, na Frederick Jackson akaacha maandishi makubwa kuhusu ndege wa Kenya na Uganda yaliyochapishwa 1938, baada ya kifo chake. Lakini macho yalielekea kwenye misitu ya milimani, maziwa ya Bonde la Ufa na mbuga zenye watalii. Ukambani ilikuwa nchi ya kupitia. Hata wapenda ndege walipita kwa gari moshi usiku wakielekea pwani.

Makala ya W. J. Plumb katika jarida la Scopus mwaka 1979 ilianza kuuvunja ukimya huo. Na kando ya mpaka wa Makueni, kazi nyingine ilikuwa imeshaanza miaka kumi nyuma.

Mwaka 1969, kwenye ukingo wa Ngulia ndani ya Tsavo Magharibi, wafanyakazi na wageni wa hoteli mpya waliona jambo la kushangaza. Usiku wa Novemba na Desemba, ukungu ulipotanda na mwezi ukiwa haupo, ndege wahamiaji waliokuwa wakipita juu walivutwa na taa wakashuka kwa mamia. Ni wale wanaotoka Ulaya na Asia wakikimbia baridi, na nyika ya Kitui na Makueni, ikiwa imechipuka kwa mvua za vuli, ndiyo kituo chao kabla ya kuendelea kusini. Watu waliojitolea, wakiongozwa kwa miaka mingi na Graeme Backhurst na David Pearson, walianza kuwavisha pete. Hawakuwa shirika kubwa. Walikuwa marafiki waliochukua likizo, wakaja na nyavu zao na chakula chao.

Kwa mtu aliyewahi kuiona, kazi hiyo haisahauliki. Ndege hutolewa kwenye wavu mwembamba usioonekana gizani, hutiwa katika mfuko mdogo wa kitambaa, kisha huning'inizwa pamoja na wenzake kama nguo za mtoto kwenye kamba. Mwenye kuvisha pete humtoa, shingo ikipita kati ya vidole viwili, humfunga pete ya alumini mguuni kwa koleo, humpima bawa kwa rula, kisha humpulizia kifuani taratibu. Manyoya hufunguka, na chini ya ngozi nyembamba huonekana mafuta ya njano aliyojiwekea kwa safari. Ndege wa gramu 12 ana akiba ya kumvusha nchi kadhaa. Kisha kiganja hufunguliwa, naye huondoka. Zaidi ya 400,000 wamepitia mikononi mwa watu hao, akiwemo ndege wa mabwawa ya Basra, Irak, ambaye makazi yake yamekuwa yakikaushwa huko kwao. Baadhi ya waliovishwa pete Ngulia wamepatikana Mashariki ya Kati na Urusi.

Ngulia ilionyesha kwamba kazi kubwa inaweza kufanywa kwa pesa kidogo mradi watu warudi mwaka baada ya mwaka. Ila kulikuwa na dosari, na naitaja kwa heshima. Anayeweza kuchukua likizo na kujilipia mafuta ya gari si kijana wa Mutomo wala Kathonzweni. Aliyezaliwa katikati ya ndege hao alihitaji mtu wa kumlipia nauli.

Hapo ndipo ruzuku ndogo zilipoingia, na nyingi zilizaliwa karibu wakati mmoja. Programu ya Ruzuku Ndogo ya Mfuko wa Mazingira Duniani, inayosimamiwa na shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, ilianza 1992, na Kenya ikaingia mwaka uliofuata. Kiwango chake cha juu kwa miaka mingi kilikuwa dola 50,000, na hulenga vikundi vya wanajamii. Klabu ya Ndege wa Afrika, African Bird Club, iliundwa Uingereza 1994, na kutokana na michango ya wanachama wake ikaanzisha mfuko wa uhifadhi uliotoa aghalabu pauni 1,000 au 1,500 kwa mradi. Wakfu wa Rufford ulitoa pauni 5,000 hivi kwa mara ya kwanza, na mlango wa kurudi kuomba tena. Mwaka 2008 Abu Dhabi nayo ikatangaza mfuko wa spishi wa Mohamed bin Zayed, ruzuku zisizozidi dola 25,000 kwa kiumbe kimoja kilicho hatarini, awe ndege, chura au mmea.

Mtu wa ofisini huziona pesa hizo ni za chai. Mimi nimekaa na kijana mmoja wa Kitui tukiandika andiko la mradi juu ya meza ya hoteli, kikombe kikizuia karatasi zisipeperuke, na nimeona zilivyo. Matatu hadi mwisho wa lami. Bodaboda kutoka hapo. Betri. Daftari zisizolowa. Posho ya mwongozaji wa kijijini anayejua njia ya kupanda mlima bila kukutana na nyati. Siku moja ya mkutano wa baraza la chifu, na soda za wazee. Kuazima darubini badala ya kununua. Mstari wa mwisho tuliuandika na kuufuta mara tatu: posho yake mwenyewe. Aliona haya kujilipa. Nilimwambia aandike, maana mtafiti mwenye njaa huhesabu ndege kwa haraka.

Ruzuku ilipatikana. Lakini karatasi zilikwama kwenye ofisi moja zikisubiri sahihi, na pesa zilipofika mvua za vuli zilikuwa zimekwisha. Asiyeijua Ukambani ataona ni kuchelewa kwa wiki chache tu. Huko mvua za vuli ndizo zenye kutegemewa. Mimea huchipuka kwazo, wadudu hutoka, ndege hutaga. Ukikosa Novemba umekosa mwaka. Kijana yule alisubiri, akaenda mwaka uliofuata kwa pesa zilezile, bei za nauli zikiwa zimepanda.

Turudi kwa zogoyogo wa Hinde. Katika miaka ya 1990, idara ya ndege ya Makumbusho ya Taifa ilikuwa chini ya Leon Bennun, na jambo alilosisitiza lilikuwa kufundisha Wakenya. Mmoja wao, Peter Njoroge, ambaye baadaye aliiongoza idara hiyohiyo, alimchukua ndege huyu kama somo lake. Mwaka 1998 Njoroge, Bennun na Mbelgiji Luc Lens walichapisha matokeo kuhusu makazi yake, na miaka miwili baadaye Njoroge na Bennun wakaandika juu ya hali yake katika nchi ya mashamba.

Walichokikuta kilipindua mawazo. Ndege huyu adimu haishi msituni. Anaishi kati ya watu, kwenye mabonde ya vijito, pembeni mwa kahawa na mahindi, almradi pawe na kichaka kizito cha kujificha na kutagia. Na kichaka hicho, mara nyingi, ni lantana. Hakuna mkulima wa Ukambani asiyeijua lantana: mmea wa kigeni kutoka Amerika ya kitropiki, wenye maua ya njano na waridi, harufu kali, na tabia ya kumeza malisho. Wataalamu wa mimea wanataka ing'olewe, afisa wa kilimo naye hivyohivyo. Nyasi na vichaka vya asili vya mabondeni viliondolewa zamani kupisha mashamba, na aliyebaki kumsitiri ndege wa Kenya peke yake ni huyo adui.

Nilisimama siku moja kando ya kichaka cha namna hiyo, nikiwa na watu wawili na darubini. Mama mwenye shamba alitoka na panga mkononi, akatutazama kitambo.

"Mwanangu, mmepoteza nini humo?"

Tukamweleza. Akacheka, akasema hao wenye kelele anawajua, humwamsha kila asubuhi, hakujua kama wana thamani. Kisha akauliza swali ambalo hakuna makala ya kisayansi niliyoisoma inayolijibu kwa sentensi moja: basi afyeke au asifyeke? Mbuzi wake walihitaji nyasi. Tulizungumza kwa saa nzima chini ya mwembe, na tulipoondoka alikuwa ameamua kuacha ukanda wa upande wa kijito na kufyeka huku juu. Hakuna sheria iliyomlazimisha. Ruzuku ililipa nauli ya kufika kwenye mazungumzo yale, basi.

Tangu 2000, Philip Shaw kutoka Uskoti na wenzake Wakenya, akiwemo John Musina, waliyatembelea maeneo yaliyojulikana na kuuliza ndege amebaki wapi. Makala yao ya kwanza ilitoka 2003. Ila lenye uzito zaidi kwangu ni kwamba walirudi. Walipolinganisha hesabu za 2000 hadi 2011, wakiwa pamoja na Njoroge, waliona kuwa idadi ya ndege mahali pamoja ilipanda na kushuka kufuatana na kiasi cha vichaka. Mkulima akifyeka, wanapungua. Akiacha kikakua, wanaongezeka. Bila kurudi mahali palepale, jambo hilo lisingejulikana kamwe. Ruzuku ndogo nyingi hulipia ziara moja, ripoti ikaandikwa, picha ikapigwa, mradi ukafungwa. Huo ndio upungufu wake mkubwa, nami ningependa wafadhili wapunguze idadi ya miradi mipya wapate pesa za kuwarudisha watu walikokwenda.

Mwaka 1999 Bennun na Njoroge walichapisha kitabu cha maeneo muhimu kwa ndege nchini, maeneo 60 kwa jumla. Kitui na Makueni hazikuwa na mengi ndani yake. Chyulu ilikuwemo, ambayo kaunti jirani nayo ina sehemu yake. Ndipo watafiti walipopanda milima ya Kitui ambayo wengi waliiona kwa mbali tu. Mutitu iko mashariki, Mumoni kaskazini kuelekea Mto Tana. Zote mbili zimesimama nyikani kama visiwa, zikiwa na msitu kileleni kunakonaswa ukungu, na vijito vinavyonywesha vijiji vya chini. Zogoyogo wa Hinde alikuwepo. Mutitu na Mumoni zikaongezwa katika orodha ya taifa. Katika ramani zilizotangulia, ndege huyu alionekana zaidi kama mali ya mabonde ya Mlima Kenya na Machakos. Sasa ramani ilibidi ichorwe upya kuelekea mashariki.

Msitu wa kileleni haujalindwa kwa kuandikwa kwenye orodha. Biashara ya makaa imeila Kitui kwa miaka mingi, hata mwanzoni mwa 2018 serikali ya kaunti chini ya Gavana Charity Ngilu ikapiga marufuku usafirishaji wake nje ya kaunti, kukazuka ghasia na lori kuchomwa. Mradi wa pauni 1,500 hauwezi kushindana na lori la makaa. Unaweza kuanzisha kitalu cha miche, kuwafundisha vijana kumi kuhesabu ndege na kumpa chifu takwimu za mahali pake mwenyewe. Nimeona chifu akizitumia takwimu hizo barazani, akisoma jina la ndege kwa Kilatini pole pole kama anayesoma Zaburi.

Na tumbusi? Habari zao ni nzito. Mfugaji aliyepoteza mbuzi wake kwa fisi hupaka sumu kwenye mzoga ili kulipiza. Kwa miaka mingi sumu iliyotumiwa zaidi ilikuwa kabofurani, iliyouzwa dukani kama dawa ya wadudu wa shambani. Fisi huja usiku mmoja mmoja. Tumbusi hushuka mchana kwa makumi, wakafia palepale. Mwaka 2009 kampuni ya Marekani iliyotengeneza Furadan, jina la kibiashara la sumu hiyo, iliiondoa madukani Afrika Mashariki baada ya kelele za wahifadhi, lakini sumu nyingine zilibaki. Mwaka 2016 Darcy Ogada na wenzake walionyesha kuwa spishi nane za tumbusi barani zilipungua kwa wastani wa asilimia 62 katika miongo mitatu hivi. Utafiti mwingine wa Ogada, uliotoka 2022 na ambao Shaw alishiriki, ulilinganisha hesabu za ndege mbuai zilizofanywa barabarani Kenya miaka ya 1970 na zile za 2003 hadi 2020. Hesabu za zamani ziliweza kulinganishwa kwa sababu mtu fulani, zamani hizo, alipata mafuta ya gari na akaandika vizuri kwenye daftari.

Tangu 2013 daftari hilo limehamia kwenye simu. Ramani ya Ndege wa Kenya, kazi ya Makumbusho ya Taifa, A Rocha Kenya na washirika wao, imeigawa nchi katika miraba ya kilomita 9 kwa 9 hivi. Unachagua mraba, unatembea angalau saa mbili, unaandika kila spishi kwa mpangilio ulivyoiona au kuisikia. Miraba ya Nairobi na pwani ilijaa haraka. Kusini na mashariki mwa Kitui ilibaki wazi kwa muda mrefu, si kwa kukosa ndege, bali kwa umbali na nauli.

Novemba moja nilishuka basi Mtito Andei na kuliacha liende. Nilitembea saa mbili na nusu kutoka barabarani hadi nje ya mji na kurudi. Kunguru, mwewe juu ya jalala, hondohondo wawili kwenye mgunga, kwerea wakijenga kwa fujo, kwezi wa Hildebrandt wanne na macho yao mekundu. Mvua ilikuwa imenyesha jana yake, na kwenye vichaka kulikuwa na ndege wadogo wa kijivu waliokuwa Ulaya wiki chache kabla. Kijana wa bodaboda aliyenifuata kwa udadisi aliona saba kabla yangu, nikamwonyesha namna ya kuandika. Mwisho nilikagua orodha ilikuwa imefika wangapi: 41. Nilitazama juu tena, upande wa bonde la Athi, nikangoja. Mbingu ilikuwa safi. Nikaandika saa ya kumaliza, nikatuma orodha bila tumbusi.